Re: Uzamili, familia na marafiki ndani ya wiki moja

Dada, umeuliza kama unaweza kusoma uzamili hapa Nairobi bila kuwatupa mumeo, watoto na marafiki. Unaweza, ila zilinde sana saa za asubuhi. Mimi huandika tasnifu kabla ya alfajiri, nyumba ingali kimya. Jioni ukitoka darasani kisha ukakwama kwenye msongamano wa Barabara ya Thika, akili haina kitu tena.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, kiombe mapema, maana bila hicho huruhusiwi kwenda nyanjani kukusanya data. Jumapili iwe ya familia, kompyuta imefungwa. Marafiki waalike nyumbani, mpike chapati pamoja. Na wiki za mitihani mweleze mumeo mapema, asibaki kukisia.