Hati Safi na Viatu Mezani

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi hatujambo, na mahindi ya nyuma ya nyumba yameshika.

Unauliza kama uache benki ukawe mkuu wa fedha wa shirika hilo la uhifadhi, wakati Wamarekani wamefunga misaada mingi tangu Januari 2025 na shirika lenyewe halijui bajeti ya mwakani itatoka wapi. Unataka nikwambie kama ni salama. Mimi nataka kukwambia nani hulipwa kwanza, kwa sababu nilipoanza kazi kama hiyo hakuna aliyeniambia.

Mtaani wanasema pesa za tembo huishia kwenye magari na semina. Wewe umekua ukiona mafaili yangu kwenye meza ya chakula, unajua haiko hivyo. Fedha ya mfadhili huja imefungwa: hii ya mizinga ya nyuki, hii ya nyaya, hii ya mafunzo. Ukiichukua ya nyaya ukanunua dizeli umevunja mkataba, hata kama gari limekwama katikati ya mpunga. Ya ofisi huwekewa kikomo. Kwetu kilikuwa asilimia 10, na humo zimo pango, umeme, mkaguzi na mimi. Tena baadhi ya misaada ya Marekani ilikutaka utumie kwanza, upeleke hesabu, ndipo urudishiwe. Ndiyo maana walipofunga ghafla, mashirika mengi yalibaki yakidai fedha ya kazi iliyokwisha kufanyika. Shirika lisilo na akiba yake, isiyo na jina la mfadhili, halina cha kulipia hata mwezi mmoja. Na mshahara wa askari wa wanyamapori ndio hifadhi, mwanangu. Hayo mengine yote yanamfuata yeye.

Unaukumbuka mwaka 2013, tulipokuwa bado Mang'ula? Ni ule baba yenu alioanza kuugua. Tembo wa nchi hii walikuwa wanakwisha. Sensa ya 2009 ilikuta kama 109,000, ya 2014 ikakuta kama 43,000. Kule bondeni, waliobaki walikuwa wanashuka usiku kutoka milima ya Udzungwa kuingia mashambani, na watu wanakesha kwenye madungu wakipiga madebe. Sisi tulikuwa na mradi wa uzio wa nyuki: mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akisukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anakimbia. Naupenda mradi ule hadi leo.

Fedha ya mizinga ilikuwa benki, nyingi tu. Posho ya askari wa wanyamapori wa kijiji ilitoka kwa mfadhili mwingine, na mkataba wake ulikuwa unasubiri kusainiwa upya. Mwezi wa kwanza wakavumilia. Wa pili wakakopa dukani. Wa tatu akaja ofisini yule aliyekuwa akikupakia kwenye baiskeli kwenda shule. Akavua viatu, akaviweka juu ya meza yangu, juu ya vocha za malipo. Akasema, "Mama, viatu ni vya shirika. Miguu ni yangu." Akaondoka peku.

Wiki iliyofuata waya ulikatika upande aliokuwa anauzungukia yeye. Hakukuwa na wa kuona. Jirani yetu aliyekuwa anatuletea mchele mpya akapoteza ekari mbili usiku mmoja. Kifuta jasho cha serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, kwa kanuni za 2011, hakikuzidi shilingi 100,000 kwa ekari, nacho hakiji mara moja. Mwisho wa mwaka mkaguzi akatupa hati safi. Ikasomwa kwenye kikao, nikapigiwa makofi.

Ningefanya nini? Ningehamisha fedha, mfadhili angejitoa, na mizinga yote ingeoza. Nilifanya sawa. Nimejiambia hivyo miaka kumi na zaidi. Lakini nilijua kwamba unaweza kumwandikia mfadhili, ukaeleza, ukaomba kibali cha kuhamisha fedha kutoka kasma moja, yaani fungu la bajeti, kwenda nyingine, na wengi hukubali wakiombwa mapema. Sikuandika. Nilisubiri mkurugenzi aniambie, mkurugenzi naye alikuwa anasubiri mkataba. Barua ya ukurasa mmoja, mwanangu. Viatu vile nilivirudisha stoo kwa mkono wangu na nikavisainia.

Najua utasema sijajibu. Jibu ninalo, na liko ulimini. Lakini kaka yako nilimwambia waziwazi asiende Mwanza, na wote mnajua yaliyotokea, kwa hiyo safari hii nanyamaza. Nasema hili tu: usiwaogope hao wa shirika kwa sababu Wamarekani wameondoka. Wakati wa korona watalii walikatika, na yapo mashirika yaliyobaki na askari wao. Waogope kama mshahara wa askari wanauita "gharama nyingine", kwa maana mshahara wa askari ndio hifadhi, na mtu aliye tayari kuandika barua ile mapema anahitajika mno pale.

Basi, karibu nimesema.

Siku ya usaili, kabla hawajakuonyesha bajeti, waombe orodha ya malipo ya askari ya mwezi uliopita, yenye saini za waliopokea. Itazame tarehe. Kisha nipigie, ila jioni, mchana nakuwa shambani na simu naiacha ndani.

Mama yako