Mchezo Mpya Kukosa Watu: Maswali Yenu ya Jukwaani

Ukurasa huu hujibu maswali ya wasomaji wetu wa Arusha na Moshi kuhusu muziki na maigizo. Safari hii barua tatu zimegusa Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za jiji la New York, na moja imetoka kwa mwalimu wa kwaya mwenye onyesho lake mwenyewe.

SWALI: Habari za kazi. Mdogo wangu anaishi New York. Mwezi Februari alikwenda Broadway kuangalia mchezo wa muziki uliokuwa ndio kwanza umeanza. Tiketi aliipata siku hiyohiyo kwa nusu bei, na safu za nyuma zilikuwa tupu. Mtaa wa pili The Lion King imejaa, na ina miaka karibu 30. Yeye aliupenda ule mpya. Sasa tatizo liko wapi? (Mama wa Njiro, Arusha)

JIBU: Mama, tatizo mara nyingi haliko kwenye mchezo wenyewe. Mnunuzi haujui, na muda wa kumfanya aujue unakula pesa nyingi kuliko zilizobaki kwenye akaunti.

Tuanze na mnunuzi. Katika msimu wa 2018–2019, wa mwisho kukamilika kabla ya Uviko-19, Broadway iliuza tiketi zaidi ya milioni 14, na karibu theluthi mbili ya watazamaji walikuwa wageni waliotoka nje ya New York. Mgeni ana usiku mmoja au miwili. Hapa Arusha tunamjua mtu wa namna hiyo: akiwa na siku mbili huenda Ngorongoro aliyoisikia tangu utotoni, wala hasimami Ziwa Duluti, ingawa liko karibu na barabara kuu ya Moshi. The Lion King ilianza Broadway mwaka 1997, miaka mitatu baada ya filamu. Baba wa watoto watatu kutoka Ohio anawajua Simba, Rafiki na Pumbaa kabla hajapanda ndege (majina ya Kiswahili, tena!). Mchezo mpya wenye hadithi mpya na nyimbo ambazo hajazisikia unamtaka abahatishe dola mia na zaidi kwa kila kichwa. Wengi hawabahatishi.

Pili, hesabu ya wiki. Broadway ina kumbi 41, na kwa kawaida mchezo huonyeshwa mara 8 kwa wiki. Chukua mfano wa ukumbi wa viti 1,000: hizo ni tiketi 8,000 za kuuza kila wiki. Tuseme gharama za wiki, yaani mishahara, pango, matangazo, umeme na bima, ni dola 700,000, kiwango cha kawaida kwa mchezo wa muziki wa siku hizi. Tiketi 4,800 zikiuzwa kwa wastani wa dola 80 baada ya punguzo, mapato ni dola 384,000. Hasara ya wiki moja ni dola 316,000. Kama mwandaaji alitenga akiba ya dola milioni 2, umebaki mwezi mmoja na nusu hivi. Sifa njema kutoka mdomo hadi mdomo huhitaji karibu muda huohuo ndipo ianze kuonekana dirishani pa tiketi. Mchezo hufungwa wiki ileile ambayo watu wameanza kuuulizia, na hilo linaumiza, kwa sababu kazi ya miaka mitano au sita huishia hapo.

Punguza gharama basi? Si rahisi. Idadi ya chini ya wapiga muziki imekubaliwa na chama chao kulingana na ukubwa wa ukumbi. Kinachoweza kulegezwa ni mrabaha, yaani fungu la mapato wanalolipwa wabunifu wa mchezo: waandishi na mwongozaji hukubali kuupunguza au kuuacha kwa muda ili onyesho lipumue. Mwenye ukumbi naye ana kifungu chake kwenye mkataba: mapato yakishuka chini ya kiwango walichokubaliana kwa wiki mbili mfululizo, anaweza kumtoa mpangaji na kumwingiza mwingine anayesubiri.

Tatu, kalenda. Wiki ya Krismasi kumbi hufurika. Januari na Februari, baridi kali na wageni wachache, ni kipindi kigumu kuliko vyote. Mdogo wako aliingia wakati huo. Mchezo uliofunguliwa Novemba bila jina kubwa unakutana na Januari ukiwa bado mchanga. Wengine hukimbilia Machi na Aprili, kwa kuwa mwisho wa kuingia kwenye kinyang'anyiro cha Tuzo za Tony, tuzo kuu za Broadway, huwa mwishoni mwa Aprili na tuzo hutolewa Juni. Matokeo yake ni msongamano: michezo mingi mipya kwa pamoja inagombea mtazamaji yuleyule na ukurasa uleule wa gazeti.

La nne ndilo tunalotaka kulikalia kidogo, kwa sababu ni la ufundi na mara nyingi linarekebishika: mtazamaji haelewi ameitiwa nini. Mwaka 1962, A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, kichekesho kuhusu Roma ya kale, kilikuwa kwenye majaribio Washington na watu hawakicheki. Mwongozaji Jerome Robbins alipoitwa aangalie, alisema kasoro iko kwenye wimbo wa kwanza. Ulikuwa mtamu, wa mapenzi, taratibu, kwa hiyo watu walikaa wakisubiri hadithi ya mapenzi. Mtunzi wa nyimbo zake, Stephen Sondheim, akaandika wimbo mpya wa kufungulia unaotamka wazi kwamba usiku huu ni wa vichekesho. Mzaha uleule uliokuwa ukidondoka chini ukaanza kuchekesha, na mchezo ukafika maonyesho zaidi ya 900. Jina nalo ni hivyohivyo. Mchezo wa muziki Oklahoma! wa 1943 ulijaribiwa ukiitwa Away We Go!, jina lisilomwambia mtu lolote, likabadilishwa kabla ya kuingia New York. Ulionyeshwa mara 2,212.

SWALI: Kama viti vitupu ni vingi hivyo, si washushe tu bei? Dola 40 ni bora kuliko kiti kisicho na mtu. (Mwanafunzi wa chuo, Sakina, Arusha)

JIBU: Wanashusha, ila kwa mlango wa pembeni. Tangu 1973 kuna kibanda cha TKTS pale Times Square kinachouza tiketi za siku hiyohiyo kwa punguzo linalofika nusu ya bei. Mchezo wa muziki Rent, mwaka 1996, uliweka viti vya safu za mbele kwa dola 20 kwa waliofika mapema kupanga foleni. Foleni ikawa ndefu kiasi cha kulala nje, wakahamia bahati nasibu, na leo karibu kila mchezo una utaratibu wa aina hiyo.

Lakini bei ikishushwa waziwazi na mapema, mambo mawili huharibika. Aliyelipa dola 150 mwezi uliopita anajiona ameibiwa, na aliyekuwa anataka kununua anasubiri ishuke zaidi. Isitoshe, ukumbi uliojaa kwa nusu bei bado unaweza kuwa na mapato yasiyofikia gharama. Punguzo hununua muda tu, na muda huo una faida ikiwa wanaotoka ukumbini wanausifu mchezo.

Mfano wa karibuni ni Maybe Happy Ending, hadithi ya roboti wawili wa Seoul waliochakaa. Ulikuwa umeanzia Korea Kusini mwaka 2016, wala haukutoka kwenye filamu yoyote. Ulipoanza maonyesho ya majaribio Broadway, Oktoba 2024, mapato yalikuwa madogo mno. Ulizinduliwa rasmi tarehe 12 Novemba, wahakiki wakausifu sana, watazamaji wakaambizana, mauzo yakapanda hatua kwa hatua, na Juni 2025 ukatwaa Tony 6, ikiwemo ya mchezo bora wa muziki. Uliokolewa kwa kubaki wazi mpaka sifa zikawafikia wanunuzi. Mwingine wenye sifa kama hizo ungeweza kufungwa Desemba kwa kukosa akiba tu.

SWALI: Shikamooni. Kwaya yetu ina vijana 35 na tumetunga mchezo wa muziki wa saa mbili na nusu. Tunataka kukodi ukumbi wa viti 300 hapa mjini, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mfululizo, saa 1 usiku, kiingilio 10,000. Mwaka jana tulipata watu 70 tu. Tukosoeni kabla hatujalipa. (Mwalimu wa kwaya, Pasua, Moshi)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umeuliza kabla ya kulipa, na hiyo ni nusu ya kazi.

Gawa gharama mafungu mawili. Badilisha namba hizi uweke zako. Za kila onyesho: ukumbi 500,000, spika, maiki na fundi wake 400,000, taa 150,000, jenereta na mafuta 100,000, usafiri na chakula cha vijana 350,000. Jumla 1,500,000. Za mara moja: mavazi 400,000, mabango na tangazo la redio 300,000, vifaa vya jukwaani 200,000. Jumla 900,000. Siku tatu mfululizo zinakudai 5,400,000, yaani tiketi 540 ndipo urudishe pesa. Na wewe mwaka jana ulipata watu 70.

Fanya maonyesho mawili, Jumamosi hii na Jumamosi ijayo. Gharama inakuwa 3,900,000, tiketi 390, na katikati unapata siku saba za watu kusimuliana: ibadani Jumapili, sokoni, saluni. Ijumaa hadi Jumapili haikupi nafasi hiyo. Aliyesikia sifa Jumatatu anakuta umeshafunga. Fedha za onyesho la pili zitenge sasa, usitegemee mapato ya la kwanza kulipia ukumbi. Na kama hata 390 zinakutisha, tafuta ukumbi wa viti 150 na upige hesabu upya. Watu 120 ndani ya viti 150 huimba na kupiga makofi. Haohao ndani ya viti 300 huona aibu kucheka, na wakitoka husema hapakuwa na watu.

Saa 1 usiku iache. Mtu wa Kibosho au Machame akianza kuhofia daladala ya mwisho, huondoka kabla ya wimbo wa kufungia, au haji kabisa. Anza saa 9 alasiri, umalize kabla ya saa 12 jioni. Saa mbili na nusu ni ndefu kwa waigizaji wasio na uzoefu. Kata hadi dakika 90 na mapumziko ya dakika 15. Kata kwanza nyimbo zinazorudia jambo ambalo maigizo yameshalisema.

Sauti ndiyo huua maonyesho mengi ya kumbi zetu. Mchezo wa muziki una hadithi ndani ya mashairi. Maneno yasiposikika, hadithi haipo. Jaribio ni hili: siku ya mazoezi ukumbini, mkalishe safu ya mwisho mtu asiyeujua mchezo, mpe karatasi, aandike maneno ya ubeti wa kwanza wa kila wimbo. Akiruka zaidi ya maneno mawili matatu, shusha kinanda na ngoma kwanza, usikimbilie kupandisha maiki, kwa sababu maiki ikizidi itaanza kupiga mluzi na mwangwi utaongezeka. Ukumbi ukiwa wa bati bila dari, epuka Machi hadi Mei. Mvua ya masika ikipiga juu, hakuna spika itakayoshindana nayo.

Bango lijibu bila kuulizwa: ni kichekesho au cha kuhuzunisha, kinamfaa nani, kinachukua muda gani, wapi, lini, kiasi gani. Jina la kwaya liwe dogo kuliko jina la mchezo. Uza kwa vikundi: tiketi 10 kwa 80,000, walipe mapema kwa lipa namba, na katibu wa VICOBA au wa jumuiya apewe yake ya kumi na moja bure. Ikifika Jumatano ukiwa umeuza tiketi chini ya 60, usishushe kiingilio mlangoni. Toa tiketi 40 za bure za onyesho la kwanza kwa watu wanaoongea na wengi kutwa nzima: wasusi, vinyozi, mafundi cherehani, wauza matunda. Wape mbilimbili, kwa sababu mtu peke yake haji.

SWALI: Tunaweza kutafsiri mchezo wa Broadway na kuuonyesha kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa, mradi hatutozi kiingilio? (Usa River)

JIBU: Hapana. Kuonyesha hadharani kunahitaji leseni hata kama ni bure, na tafsiri ni ruhusa nyingine peke yake. Leseni hutolewa na kampuni zinazosimamia haki hizo, mojawapo ni Music Theatre International ya New York, iliyoanzishwa 1952. Andika ukitaja ukumbi, idadi ya viti, tarehe, kiingilio na lugha. Michezo ambayo bado inaonyeshwa Broadway mara nyingi haitolewi kwa vikundi vingine. Usichapishe bango wala kugawa nyimbo kabla jibu halijafika kwa maandishi, na kwa vibali vya hapa nchini anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu.