Kibao cha kupigia msasa matabaka ya upinde: pima kingo zote mbili

Jamani vijana, upinde mwingine tena umegeuza ncha, na matabaka yake, yaani vile vipande vyembamba vinavyogundishwa kuunda mikono ya upinde, hayakupimwa. Turudie basi.

1. Kibao, kinacholibeba tabaka likipita kwenye msasa, kiwe cha MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya mm 18, urefu sm 110 kwa matabaka ya sm 90, kimo mm 60. Mbao ya kawaida hunywa unyevu na kubinuka. Unene wa kibao ukikosea, kosa linahamia kwenye tabaka. Kipime kila sm 10.

2. Kizuizi cha tabaka kigundishwe kwenye kibao, nyuma, upande wa mkono unaosukuma, kwa kuwa dramu (silinda ya msasa inayozunguka) hulirudisha tabaka kwako. Kiwe chembamba kuliko tabaka lililokamilika. Sukuma kukabili mzunguko. Ukienda nao, dramu italinyakua tabaka na kulirusha ukutani, na ushukuru ikiwa ni ukutani.

3. Dramu na kingio (ukuta mnyoofu ambao kibao hutelezea, tabaka likiwa limesimama kwa ukingo) visimame sambamba. Hapa ndipo wote tulipolia, maana kosa lenyewe halionekani kwa macho. Tabaka linatoka laini. Unapima ukingo wa juu mwanzo, kati na mwisho: mm 2.5 kote. Unachanganya epoksi kwa furaha. Ukingo wa chini hukuugusa, nao una 2.7. Dramu iliegemea kidogo, au msasa umelika sehemu ya chini tu, na upana wa mm 50 umekuwa kabari. Tabaka moja lingesameheka. Lakini umeyapitisha yote kwa mkao uleule, ukayapanga kingo nene zote upande mmoja: matatu yanakupa tofauti ya mm 0.6. Mkono wa upinde wenye mm 10 ukingo mmoja una 10.6 mwingine, na kwa kuwa ugumu hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene, hiyo ni karibu 19%. Ukifunga kamba, ncha inageuka shingo. Epoksi imeshakauka, kilichobaki ni kukwangua upande mgumu huku nguvu ya upinde ikipungua.

Dawa yake ni senti tano: vipande vya karatasi chini ya kingio mpaka kingo zote mbili zisome sawa. Halafu weka alama ya penseli kwenye ukingo wa chini wa kila tabaka, na wakati wa kupanga pishanisha alama. Toboa meza dramu izame kidogo, la sivyo chini itabaki ngazi.

4. Msasa namba 60, mm 0.2 kila mpito. Barakoa, tafadhali.