Timu changa ya chuo imepoteza mechi tatu kati ya nne: usibadilishe kikosi kwanza

Kapteni, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema chuo chenu cha Kakamega kimecheza mechi nne msimu huu, mkashinda moja na kupoteza tatu. Saba kati ya wanaoanza ni wa mwaka wa kwanza, na mabao mengi mliyofungwa yameingia baada ya dakika ya 70. Sasa kocha anataka kuwaweka benchi hao mafresha na kuwarudisha wa mwaka wa nne, nawe unauliza kama umuunge mkono.

Nilichezea timu ya chuo kimoja hapa Kisumu miaka minne, miwili ya mwisho nikiwa nahodha, kisha nikamsaidia kocha kwa misimu mitatu. Usimuunge mkono. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu jambo hili liliniumiza na bado naliwaza.

Anza na hesabu ya miezi. Soka ya shule za upili huchezwa muhula wa pili. Kijana wa kidato cha nne hucheza mechi zake za mwisho za maana mwezi wa sita au wa saba, anakaa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, hadi mwezi wa kumi na moja, anarudi nyumbani kungoja matokeo na barua ya chuo, halafu anaripoti mwezi wa nane au wa tisa mwaka unaofuata. Siku anayovaa jezi yenu kwa mara ya kwanza amekaa zaidi ya mwaka bila msimu wowote. Wengine walicheza mashindano ya kijijini ya Desemba, yale ya kuwania fahali au mbuzi, lakini hizo ni wiki mbili za raha, haziujengi mwili. Kwa hiyo yule kijana mliyesikia sifa zake huko shuleni si huyu mnayemwona Oktoba. Kwetu pumzi zilianza kurudi wiki ya saba au ya nane ya mazoezi, na hakuna kelele ya kocha iliyoziharakisha.

Hata hivyo sidhani mnafungwa na miguu. Nadhani mnafungwa na kimya. Nitakwambia nilivyojua.

Msimu wangu wa pili kama nahodha tulikuwa na mafresha sita uwanjani. Mechi ya tatu tulikuwa nyumbani, tunacheza na timu kutoka Eldoret, bila kwa bila hadi dakika ya 78. Ikaja krosi kutoka kulia. Kipa wetu, kijana wa upande wa Bondo, akatoka golini akipaza sauti: "Mara! Mara!" Kwa Kijaluo maana yake ni "yangu". Beki wetu wa kati alikuwa mtoto wa Njoro, ana wiki tano tu Kisumu. Yeye alisikia neno la Kiswahili lisilo na maana mahali pale. Akaruka, akaupiga kichwa, mpira ukampita kipa juu na kuingia langoni mwetu. Tukafungwa moja bila. Mtoto yule akaketi kwenye nyasi analia, anasema hakuambiwa kitu. Kipa naye anaapa kwamba alimwambia. Wote wawili walikuwa wakweli.

Mimi nilikuwa mita kumi kutoka hapo. Niliwaona wote wawili wanaufuata mpira ule ule, na sikusema neno. Nilikuwa nimechoka, pumzi yote nimeiweka kifuani. Bao lile lilinifunza kwamba mchezaji akichoka, sauti hufa kabla ya miguu. Miguu ya vijana wale bado ilikuwa inakimbia dakika ya 78. Kilichokwisha ni maneno, na maneno ya nahodha ndiyo yaliyotangulia kwisha.

Jumatatu hatukugusa mpira. Tuliketi chini ya mti kando ya uwanja, nikamuuliza kila mmoja: shuleni kwenu, mpira ukiwa wako, mlikuwa mnasemaje? Mmoja akasema "yangu", mwingine "mara", mwingine "wacha", mwingine "niko". Kumwonya mwenzako kwamba kuna mtu mgongoni kulikuwa na maneno manne tofauti. Timu moja, shule kumi na moja, lugha za nyumbani tano. Tulikuwa tunawalaumu kwa kutoelewana na hatukuwahi kuwapa la kuelewana nalo.

Tukachagua maneno sita na kuyakataza mengine yote. "Kipa" ni la kipa peke yake, na likisikika kila mtu anapisha. Mchezaji mwingine yeyote anayeuchukua mpira anataja jina lake mwenyewe. "Mtu" maana yake una adui mgongoni. "Muda" maana yake geuka, huna mtu. "Panda" mstari wa nyuma unasonga mbele, "shuka" unarudi. Hilo la kutaja jina badala ya "yangu" au "wacha" lina sababu ya kisheria pia: ukimvuruga mpinzani kwa maneno, refa anaweza kukuonyesha kadi ya njano, na neno "wacha" likitoka mdomoni mwako karibu na mshambuliaji wao, mna kesi. Jina lako halina utata.

Maneno peke yake hayakutosha, kwa sababu ya kitu ambacho wengi hawakitaji: heshima. Fresha wa miaka 18 anacheza nyuma ya mtu wa miaka 23 anayemwita mkubwa. Yeye ndiye anayebeba mipira na koni kwenda uwanjani, yeye ndiye anayetumwa maji. Kisha dakika ya 75 tunamtaka amwamrishe yule yule mkubwa ashuke. Hawezi. Anamwona winga anapita nyuma ya mgongo wa kiungo wetu, anameza neno, bao linaingia, na sisi tunasema mafresha hawajakomaa. Nilimwomba kocha tubadilishe desturi ile. Kwa mwezi mzima wa mwaka wa nne walibeba mipira, mimi nikiwa wa kwanza. Wawili walinuna. Wengine walielewa upesi kuliko nilivyotarajia.

Na dakika 15 za mwisho za mazoezi, wakati kila mtu amechoka kabisa, tulicheza sita kwa sita kwa kanuni moja: bao likiingia na mabeki walikuwa kimya, linahesabiwa mawili. Msifanye zoezi hili mwanzoni mwa mazoezi. Mtu aliyepumzika huongea bila kufundishwa.

Sasa kuhusu kikosi. Saba si wengi mno. Cha kuangalia ni wako wapi. Kama kipa, mabeki wawili wa kati na kiungo mkabaji wote ni wa mwaka wa kwanza, hapo kocha ana haki ya kuwa na wasiwasi. Aingize mkongwe mmoja katika hao wanne, yule mwenye sauti, hata kama si yule mwenye kasi. Wengine awaache. Na hao mabeki wawili wa kati wakae pamoja mechi tano mfululizo, washinde au washindwe. Ukiwabadilisha kila wiki, kila Jumamosi unaanza urafiki upya. Wa mwaka wa nne mnaotaka kuwarudisha watawapa ushindi mmoja au miwili kwa sababu wanajuana, halafu miradi ya kumaliza masomo itawavuta, wataondoka, na mtakuwa na mafresha wale wale wakiwa sasa wa mwaka wa pili, bado hawajawahi kucheza.

Mabadiliko nayo: kama kanuni za mashindano yenu zinaruhusu wachezaji watano, yatumieni. Viungo wawili wapya dakika ya 60 wana faida kuliko watatu dakika ya 85.

Mkisafiri, kumbukeni mwinuko. Eldoret iko juu ya mita 2,000, pumzi huisha mapema na mpira huruka mbali kidogo kuliko mlivyozoea. Kisumu ni kama mita 1,130, huku adui ni joto la saa nane mchana. Fikeni mapema, kunyweni maji njiani, basi.

Jambo moja ambalo hukuliuliza. Mchunguze kila fresha amekula nini. Tulikuwa na winga aliyezimika kila dakika ya 60, tukamwita mvivu mbele ya wenzake. Nilipomfuata hosteli jioni moja nilikuta mkopo wake wa masomo haujaingia na alikuwa anaishi kwa chai na mandazi tangu Jumanne. Bado naona aibu kwa neno lile. Tulianza kuchanga, kila mtu kidogo, uji na ndizi kabla ya kila mechi, kwa timu nzima ili asitengwe mtu.

Matokeo hayakuja mara moja. Wiki iliyofuata bao la kujifunga tulipoteza tena, mbili kwa moja. Kisha tukatoka sare. Kisha tukaja huko kwenu Kakamega, mvua imenyesha, uwanja matope, tunaongoza moja bila, dakika ya 88. Nilikuwa upande wa kushoto, kichwa chini, nimekwisha kabisa. Nikasikia "Panda!" kutoka kwa mtoto wa Njoro, sauti imekauka hadi inakwaruza. Nilipanda kabla sijatazama. Nilipogeuka nikaona bendera ya msaidizi wa refa iko juu na straika wao amebaki nyuma yetu, ameotea, mpira ukiwa tayari wavuni. Kijana wa miaka 18 alikuwa ameniamrisha, nami nikatii.

Kabla ya Jumamosi zungumza na kocha kwa faragha, usiseme naye mbele ya wachezaji. Na siku klabu ya Kakamega Homeboyz ikicheza uwanja wa Bukhungu, wapeleke mabeki wako na kipa. Msikae jukwaani. Simameni kadiri mtakavyoruhusiwa karibu na lango, mfumbe macho dakika tano na msikilize mabeki wao tu.

Ukirudi Jumamosi jioni, andika hapa. Nitataka kujua kwanza kama beki wenu wa kati alisikika hadi upande wa pili wa uwanja. Idadi ya mabao utaniambia baadaye.