Mpigaji wa kwanza si kiongozi

SWALI: Mwanangu anacheza besiboli shuleni hapa Minneapolis, na kocha amempanga awe 'leadoff'. Nikawaandikia ndugu nyumbani kwamba ndiye 'mpigaji kiongozi'. Dada yangu aliyeko Morogoro akampongeza kwa kuwa nahodha! Nimekosea wapi?

JIBU: Dada yako amekusoma sawasawa, ulichoandika ndicho alichoelewa. 'Leadoff' ni wa kwanza katika orodha ya wapigaji tisa, yule anayeshika gongo kabla ya wenzake. Huitwa hivyo pia yeyote anayeanza kupiga zamu ya timu yake inapofika, hata kama kwenye orodha ni wa saba. Unahodha haumo. Nafasi hiyo kwa kawaida hupewa mtu hodari wa kufika kituoni, yaani mahali uwanjani ambapo mpigaji hupakimbilia akiisha kupiga, na akiwa na mbio ni bora zaidi. Rickey Henderson, aliyesifika katika nafasi hiyo kwenye ligi kuu ya Marekani kuanzia 1979 hadi 2003, aliiba vituo mara 1,406, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mwenzake aupige mpira, na hakuna aliyemfikia katika ligi hiyo.

Kinachoniudhi ni hilo 'kiongozi'. Siku hizi kila aliye wa kwanza 'anaongoza': wa kwanza kusema mkutanoni 'anaongoza kuchangia', wa kwanza kuingia ukumbini 'anaongoza kuingia'. Hapana! Kuongoza ni ndugu wa kuongoka na uongofu, yaani kumweka mtu kwenye njia iliyonyooka. Anayeongoza ana watu wanaomtegemea au, uwanjani, ana mabao mengi kuliko mwenzake. Kuwa mbele tu kuna neno lake: kutangulia.

Mama anakwenda shambani na wanawe. Wakiwa njiani anakumbuka jembe. Anawaambia, "Tangulieni, nawafuata." Watoto wanakwenda, watamngoja pale kwenye mwembe. Sasa aseme, "Niongozeni." Watoto watasimama wakodoe macho, maana mama ndiye anayewapeleka kila siku. Shamba ni lilelile, njia ni ileile, lakini neno moja limemgeuza mama kuwa mgeni asiyejua aendako. Na msibani je? Marehemu ametutangulia. Thubutu kusema ametuongoza, uone waombolezaji watakavyokutazama. Wahenga nao walisema kutangulia si kufika. Hawakusema kuongoza si kufika, kwa sababu anayeongoza ana wajibu wa kuwafikisha wenzake.

Hata hivyo usimwite mwanao 'mtangulizi'. Neno hilo limeshazoeleka kwa aliyeshika cheo kabla ya mwingine, na dada yako atauliza mtoto ameachia madaraka gani. Mwite 'mpigaji wa kwanza'. Kwa kitendo chenyewe sema 'anaanza kupiga', au 'anafungua zamu', kama watangazaji wetu wa soka wanavyosema timu inafungua dimba. 'Anayeongoza kwa kupiga' ni mwingine kabisa: huyo ndiye aliyewazidi wenzake kwa takwimu.

Mwandikie dada yako tena leo. Mwambie mtoto si nahodha, ila gongo analishika yeye kwanza. Pongezi zake asizirudishe.