Je, penseli inaweza kutoa leza?

SWALI: Shikamoo. Nafundisha fizikia kidato cha sita hapa Tukuyu. Mwanafunzi wangu amesikia kuna leza za bei nafuu za molekuli zinazofanana na grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja. Anauliza: kama grafini hutoka kwenye grafiti ya penseli, kwa nini tusijitengenezee? Nimekosa la kumjibu.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mwanafunzi wako ameshika nusu ya ukweli. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov waliipata grafini huko Manchester kwa kubandua grafiti kwa selotepu. Ila grafini nzima haina pengo la nishati, yaani nafasi tupu kati ya ngazi za nishati ambayo elektroni huiruka kwa mkupuo na kutoa mwanga. Elektroni ikipandishwa juu hukosa pa kusimama, inateremka kidogo kidogo, na nishati yake huishia kuwa joto.

Kipande chenye pete chache tu za kaboni ndicho chenye pengo. Mpe mfano wa marimba: kijino kifupi hulia sauti nyembamba, kirefu sauti nzito. Molekuli ndogo nayo huelekea mwanga wa buluu. Ikikuzwa, mwanga husogea kwenye wekundu. Huwezi kukata penseli kwa kipimo hicho. Wakemia huijenga molekuli pete kwa pete mpaka zote zilingane, na kwangu mimi kazi hiyo inastahili heshima kuliko hata leza yenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Hispania na Singapore walionyesha leza za namna hii, molekuli zikiwa zimechanganywa kwenye polistaireni, plastiki ya kawaida kabisa.

Unafuu uko hapo: unayeyusha molekuli na plastiki kwenye kimiminika, unatandaza utando mwembamba juu ya kipande cha kioo, basi. Leza za kawaida za kielektroniki huhitaji fuwele zinazopangwa tabaka kwa tabaka kwenye mitambo ghali. Vioo viwili vya kujitazamia, ambavyo katika leza za kawaida hurudisha mwanga ndani, navyo hubadilishwa na mifereji midogo sana iliyochongwa kwa mpangilio, inayorudisha mwanga ndani ya utando.

Lakini mwambie ukweli wote: utando huo bado huwashwa kwa mipigo ya leza nyingine, na hiyo ndiyo hula fedha. Mwaka 2023 watafiti wa St Andrews, Uskochi, waliwasha leza ya kioganiki, yaani ya molekuli za kaboni, kwa umeme kupitia taa ya kioganiki iliyounganishwa nayo, ila kwa molekuli za aina nyingine.

Darasani, chukua tochi ya kukagulia noti, mulika wino wa njano wa kalamu ya kupakia maandishi. Mwanga wa zambarau utaingia, wa kijani-njano utatoka. Si leza, Mwalimu, ila hatua ya kwanza ndani ya molekuli ni ileile.