Kabla Hujachora Mzimu, Kaa Chini ya Mti

Picha yangu ya kwanza ya mzimu, yaani mti ambao watu huuendea na haja zao, niliichora kwa pupa. Mbuyu katikati ya ubao, jua la utosini, maua meupe yamejaa matawini, na vitambaa vyekundu nimevitundika kila mahali kwa kuwa niliamini vyekundu ndivyo vinavyotisha. Nikampelekea bibi yangu nikitaka anisifie. Akaitazama kimya, kisha akaniuliza: “Mjukuu wangu, mbuyu huu unachanua saa ngapi? Na vitambaa hivi kafunga nani, ana haja gani?”

Sikuwa na jibu hata moja.

Ua la mbuyu hufunguka magharibi, jua linapozama. Huning'inia kichwa chini, jeupe, na harufu yake huwaita popo. Kesho yake limeshaanza kunyauka na kugeuka rangi. Nilikaa chini ya mbuyu jioni tatu mfululizo ndipo nikayaona hayo kwa macho yangu, na niliporudi kwenye ubao sikuwa na haja ya kubuni. Ua linaloamka usiku, popo kazamisha uso ndani yake: nini tena utaongeza hapo?

Kuhusu vitambaa, bibi alinieleza kwamba kwao mtu hafungi tu. Hufika na shida yake, mtoto mgonjwa au safari ya baharini, ananuia, anafukiza ubani, ndipo anafunga. Kila kitambaa kina mtu. Tangu siku hiyo sichori kitambaa nisichojua ni cha nani, hata kama mtazamaji hataambiwa kamwe.

Vijana wengi wanaoniuliza habari za picha za namna hii wameanza kwa kuiga mashetani wa George Lilanga, mchoraji wa Tanzania. Siwalaumu, nami nilipitia hapo. Lakini wanachukua masikio makubwa na matumbo yaliyoning'inia, wanaacha kiini. Lilanga, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, alikuwa Mmakonde wa kusini na alianza na uchongaji kabla ya rangi. Mashetani wake wamesongamana kama watu wa mtaani, wanacheza, wanabishana, wanafanya kazi. Alikuwa akiwachora majirani. Ukiiga masikio bila kuwatazama majirani zako wewe, utabaki na masikio matupu.

Kwa upande wa ufundi, naendelea na njia aliyotuachia mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972: hadibodi, na rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli. Paka rangi ya chini ubao mzima, uiache ikauke sawasawa. Wakati wa masika usiiharakishe, brashi itaikwangua na kuchafua kila kitu. Rangi ya chini ndiyo inayoamua kama picha ni ya mchana au ya usingizini, kwa hiyo ichague kabla ya kuchagua mnyama au mti. Mimi hupenda buluu nzito inayokaribia weusi. Kisha acha nafasi tupu. Hili lilinichukua miaka kulikubali, kwani mkono unataka kujaza.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: omba ruhusa. Wamijikenda wa pwani ya Kenya husimika vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, kwa ajili ya wazee wao waliokufa, na vingi viliibwa vikauzwa hadi Marekani kama mapambo. Mchoraji haibi mti, lakini anaweza kuibia watu siri yao. Ukiambiwa mahali fulani hapachorwi, funga daftari uondoke. Ukiruhusiwa, rudi na picha uwaonyeshe kabla hujaiuza.

Picha yangu ya pili ya mbuyu ina kitambaa kimoja cheupe, cha mama ambaye mwanawe yuko baharini. Ua moja limefunguka, jingine linafumbuka, na popo mmoja anakuja kutoka pembeni. Bibi aliishika mkononi, akaisogeza karibu na dirisha. Akaweka kidole chini ya yule popo.

“Huyu kawahi,” akasema. “Wenzake bado wako njiani.”